Simón Bolívar na sifa alizobebeshwa

Caracas, mji mkuu wa Venezuela, ilimpa Simón Bolívar, kiongozi wa vita vya uhuru dhidi ya Hispania huko Amerika ya Kusini, lakabu ya El Libertador, yaani Mkombozi, mwaka 1813, naye ana miaka 30 tu. Tangu hapo kila kizazi kimeijaza lakabu hiyo kipendacho, mpaka mwenyewe haonekani vizuri.

Dhana: Alikuwa mtoto wa maskini aliyewainukia matajiri.

Tajiri alikuwa yeye. Alizaliwa Caracas tarehe 24 Julai 1783, katika ukoo wenye mashamba ya kakao, migodi ya shaba na watumwa. Alichokosa ni wazazi: baba alifariki yeye akiwa na miaka miwili, mama akiwa na minane. Aliyemnyonyesha ni mtumwa wa nyumbani, Hipólita. Mwaka 1825, wakati sifa zake zimeenea bara zima, alimwandikia dada yake María Antonia amtunze bibi huyo, kwa kuwa maziwa yake ndiyo yaliyomkuza na hakupata kumjua baba mwingine ila yeye.

Dhana: Aliwakomboa watumwa wote.

Hapa ndipo penye mzigo, na ukweli wake unaanzia Haiti.

Mwishoni mwa mwaka 1815 Bolívar alikuwa mkimbizi, ameshindwa vitani mara mbili. Aliyempokea ni Alexandre Pétion, rais wa Haiti kusini, nchi ya watu waliojikomboa utumwani wenyewe. Pétion alimpa bunduki, baruti na chakula, akamwekea sharti moja: ukifika kwenu, waachie huru watumwa. Msafara wa kwanza uliposambaratika, Bolívar alirudi mikono mitupu, na Pétion akamsaidia tena.

Ahadi aliitimiza, lakini kwa namna yake. Amri aliyoitoa Carúpano, Venezuela, tarehe 2 Juni 1816 iliwaita wanaume wa miaka 14 hadi 60 wajiandikishe jeshini ndani ya saa 24. Atakayekataa angebaki mtumwa, na si yeye peke yake: mke wake, watoto wake wadogo na wazazi wake wazee wangebaki naye. Uhuru wa mama mzee ukawa mikononi mwa kijana wake, aende vitani au asiende.

Tusimdhulumu, hata hivyo. Watumwa wake mwenyewe aliwaachia, na mabunge aliyasihi kila mara yafute utumwa. Wenye mashamba waliokaa katika mabunge hayo ndio waliokuwa wakimkatalia. Sheria ya mwaka 1821, iliyopitishwa na bunge lililokutana mjini Cúcuta, ilimhesabu huru mtoto atakayezaliwa na mama mtumwa, ila amtumikie bwana wa mama yake hadi atimize miaka 18. Venezuela ilifuta utumwa mwaka 1854, Bolívar akiwa kaburini miaka 23.

Na Haiti je? Kwenye Kongamano la Panama la mwaka 1826, mkutano wa nchi mpya za Amerika alioitisha yeye, nchi iliyompa bunduki haikualikwa.

Dhana: Aliikomboa Amerika ya Kusini yote.

Argentina na Chile ni habari za José de San Martín na wenzake. Brazil ilijitenga na Ureno mwaka 1822 chini ya mwana wa mfalme wa Ureno mwenyewe. Hata Ayacucho, vita vya tarehe 9 Desemba 1824 vilivyovunja jeshi la Hispania nchini Peru, jemadari wake alikuwa Antonio José de Sucre. Bolívar hakuwepo uwanjani.

Dhana: Aliunda nchi iliyoitwa Gran Colombia.

Nchi hiyo, iliyounganisha Venezuela, Colombia, Ecuador na Panama za leo, iliitwa Colombia tu. "Gran" iliongezwa na wanahistoria wa baadaye ili isichanganywe na Colombia ya leo.

Dhana: Alikuwa mwanademokrasia halisi.

Aliuchukia ufalme, hilo kweli. Lakini katiba aliyoiandikia Bolivia mwaka 1826 ilikuwa na rais wa maisha anayemteua makamu wake, na makamu huyo ndiye mrithi. Ufalme usio na taji, ukiniuliza mimi. Agosti 1828 alijitwalia madaraka yote ya Colombia. Mwezi uliofuata, usiku wa tarehe 25 Septemba, wapinzani walivamia ikulu ya Bogotá wamuue. Manuela Sáenz, mpenzi wake, aliwazubaisha wavamizi mlangoni huku yeye akiruka dirishani.

Dhana: Aliuawa kwa sumu.

Daktari wake alisema ni kifua kikuu. Julai 2010 Hugo Chávez, aliyekuwa rais wa Venezuela, aliamuru mabaki yafukuliwe, na uchunguzi haukuthibitisha sumu. Bolívar alifariki tarehe 17 Desemba 1830, akiwa na miaka 47, karibu na Santa Marta, mji wa pwani wa Colombia. Mwaka 1813 alikuwa ametangaza kwamba kila Mhispania asiyeunga mkono uhuru atauawa. Nyumba aliyofia ilikuwa ya Mhispania, Joaquín de Mier, aliyemkaribisha alipokuwa hana pa kwenda.