Je, wajua? Risasi uliyojijazia ikikubali bunduki moja, pacha wake anaweza kuikataa

Swali lenyewe ni hili. Una bunduki mbili za kuwindia, kampuni moja, modeli moja, zote kaliba ya .30-06, na risasi unajijazia mwenyewe: ganda, fataki (kile kidude cha kuwasha baruti), baruti, kichwa. Umehangaika mpaka umepata kipimo kinachopiga vizuri kwenye ya kwanza. Je, zilezile unaweza kuzitumia kwenye ya pili?

Mi kwa muda mrefu nilikuwa najibu ndiyo bila hata kufikiria. Hoja yangu ilikuwa moja tu, kwamba risasi za kiwandani zinaingia bunduki yoyote ya kaliba hiyo na zinapiga salama, sasa za kwangu zishindwe kwa nini? Ni hoja inayoingia akilini kabisa, na ndiyo maana watu wengi wanayo mpaka leo. Kosa lake ni kwamba risasi ya kiwandani haijatengenezwa kwa ajili ya bunduki yako, imetengenezwa kwa ajili ya bunduki zote. Kuna mashirika yanayopanga vipimo, Marekani kuna SAAMI tangu 1926, Ulaya kuna C.I.P., na yanasema chemba (pale risasi inapokaa ndani ya bunduki) isiwe ndogo kuliko hapa, risasi isiwe kubwa kuliko pale, na presha isivuke kiwango fulani (kwa .30-06 SAAMI wanasema pauni 60,000 kwa inchi mraba). Kwa hiyo kiwanda kinaacha nafasi. Wewe unayejijazia unafanya kinyume, unaibana ile nafasi ili ikae sawa na bunduki moja, na ukishaibana hivyo umeshaiondoa risasi kwenye kundi la "inafaa zote". Ni suti ya kushonewa, na pacha wako naye ana mabega yake.

Kwani bunduki mbili za modeli moja zinatofautianaje? Chemba inachongwa na kifaa cha chuma chenye makali, na kila kikichonga kinalika, kikinolewa kinapungua. Chemba ya kwanza kuchongwa inakuwa pana kidogo kuliko ya mwisho, na zote mbili zimo ndani ya vipimo. Ganda likishapigwa linatanuka na kuchukua umbo la chemba yake, na ukilirudishia shingo tu kwenye ukubwa wake bila kulibana lote, ukalipeleka kwenye bunduki yenye chemba nyembamba, boliti (kile chuma cha kufungia chemba) inasukuma risasi mpaka karibu mwisho alafu mkono wake unagoma kushuka. Hapo usilazimishe.

Ila kinachonivutia zaidi ni kale kanafasi kadogo kati ya kichwa cha risasi na pale mifereji ya mtutu, ile michoro ya ndani inayozungusha kichwa, inapoanzia. Chukulia mlango uliokwama. Ukiwa na hatua mbili za kujirusha unaufungua kwa kishindo kimoja, lakini ukiwa bega limeshagusa mbao inabidi usukume kwa nguvu zaidi ndo uanze kusogea. Kichwa kikiwa na nafasi ya kukimbia kinaingia kwenye mifereji tayari kina mwendo, na nyuma yake gesi imeshapata pa kutanukia. Kikiwa kimeigusa mifereji tangu mwanzo, kinachelewa kuondoka, gesi inabanana, na sasa shida ni kwamba baruti ikibanwa inaungua haraka zaidi, inatoa gesi zaidi, inabanwa tena zaidi, yaani ni moto unaojipulizia wenyewe. Nafasi hiyo inaongezeka kadiri bunduki inavyotumika, maana joto linakula mwanzo wa mifereji, kwa hiyo kipimo kilichokuwa shwari kwenye mtutu wa zamani kinaweza kuvuka kiwango cha presha kwenye mtutu mpya, na baruti ni ileile, haijaongezwa hata punje.

Mengine niyapitie haraka: upana wa mtutu kwa ndani, ulaini wake, mzunguko wa mifereji. Bunduki mbili zinazofanana kabisa kwa macho zinaweza kupishana mwendo wa mita 15 mpaka 30 kwa sekunde kwa risasi hizohizo.

Kuhusu shabaha niseme kwa tahadhari. Inasemwa kila mtutu una mtikisiko wake na kipimo kizuri ni kile kinachotoa kichwa mtutuni wakati unaofaa wa mtikisiko huo. Mtutu unatikisika kweli, lakini matundu matatu kwenye karatasi hayatoshi kukuambia bunduki "inapenda" kipimo gani, piga kumi ndo uanze kuamini.

Kwa usalama hakuna mjadala: kila bunduki inaanziwa chini, asilimia 10 hivi pungufu ya kiwango cha juu cha kitabu cha kujazia, alafu unapanda taratibu ukiangalia fataki kama imebonyea bapa na boliti kama inafunguka kwa shida. Hata dalili hizo huchelewa, zinaweza kutokea presha ikiwa imeshapita, kwa hiyo kitabu usikivuke hata kama huoni dalili. Ukitaka kipimo kimoja kwa zote mbili, yule anayefika mwisho wa presha mapema ndiye anayeamua kwa wote, na yule mwingine anakubali kupoteza mwendo kidogo. La sivyo andika jina la bunduki kwenye kila boksi.