Mimba si siri ya kukufungia ndani

Huku Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuanzia Kadutu hadi Bagira, mwanamke akishika mimba huambiwa: nyamaza, usizoeane na watu wapya, jicho baya litaiharibu. Mimi nimelisikia hilo hata kwa mama wasomi.

Mimba nyingi zinazotoka katika miezi 3 ya kwanza hutoka kwa sababu kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) za kiinitete hazikukaa sawa tangu mimba ilipotungwa. Jirani aliyekusalimia kisimani hana mkono hapo. Kutaka kungoja kidogo kabla ya kutangaza ni haki yako, sina ugomvi nalo. Lakini kujificha kuna gharama: Shirika la Afya Duniani, tangu 2016, linashauri mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8, mara ya kwanza kabla ya wiki 12 kwisha. Anayeficha huchelewa CPN, yaani kliniki ya wajawazito.

Na CPN ndipo marafiki wapya wanapopatikana. Mnakaa benchi moja tangu asubuhi, kila mmoja na fishi yake, kadi ya kliniki, mkononi, mimba zenu zimekaribiana umri. Mmoja anauliza, “Wewe pia miguu inavimba?” Muuguzi akisikia, anampima presha papo hapo, maana uvimbe ukiambatana na kichwa kuuma sana si wa kupuuza. Mwingine anajua nani ana pikipiki uchungu ukikushika usiku. Mama mkwe wako, kwa heshima zote, alizaa zamani. Huyu wa benchini atakuwa na kichefuchefu chako wiki hii hii.