Je, wajua kwanini Muislamu wa Mwanza akiswali anaangalia Ukerewe?

Juzi kati nilikuwa mwaloni, huku upande wa Igombe, nasubiri dagaa wakauke nipakie, adhana ya adhuhuri ikalia nikaenda kutawadha palepale ziwani, nikaswali na jamaa watatu kwenye kimsikiti chetu cha mabati. Narudi kwenye chanja namkuta mama mmoja tunayeuza naye jirani, yeye Mkristo na mtu wa utani sana, kanisimamia kiuno kashika. "Hivi shekhe, mimi nimewachunguza siku nyingi. Nyie kila mkiswali mnaangalia Ukerewe. Kule kuna nini?"

Nikacheka kwanza. Halafu nikageuka kuangalia, na kweli bana, mbele ya imamu ukilitoa lile bati ni maji, na ng'ambo ya maji ni Ukerewe yenyewe, kile kisiwa cha Ziwa Victoria. Akaongeza, "maana mimi nilivyosikia Waislamu wanaangalia mashariki." Hapo ndo nikaona hili jambo linataka maelezo, maana hata Waislamu wenzangu kibao ukiwauliza kwanini tunaelekea hivi watakwambia ndivyo tulivyokuta.

Kwanza tuliondoe hilo la mashariki. Muislamu haelekei mashariki wala magharibi, anaelekea Kaaba, ile nyumba iliyopo Makka, na huko kuelekea ndo kunaitwa kibla. Sasa Makka ipo upande gani inategemea wewe umesimama wapi. Mtu wa Aljeria au Moroko kwake Makka ipo mashariki kweli, mtu wa Pakistani anaelekea magharibi, mtu wa Istanbul kusini. Sisi Tanzania tupo chini ya Makka, kwahiyo tunaelekea kaskazini, na ndo maana kwa Waswahili wa pwani wa zamani neno kibla lenyewe lilikuwa linatumika kumaanisha kaskazini, mtu anakwambia nyumba yangu ipo upande wa kibla hapo hazungumzii swala kabisa, anakuelekeza njia.

Dar es Salaam ipo karibu mstari mmoja na Makka, yaani ukisimama Kariakoo ukaangalia kaskazini iliyonyooka umeshapatia. Mwanza tumesogea magharibi kidogo, kwahiyo ukielekea kaskazini iliyonyooka utakuwa umekosea, inabidi upinde kulia kama nyuzi 15 hivi. Vuta kamba kutoka Igombe kwa mwelekeo huo: inapita juu ya Ukerewe, inakata ziwa, inaingia Uganda upande wa mashariki, inapanda mpaka Ethiopia na Eritrea, inavuka Bahari ya Shamu, inafika. Ni kama kilomita 2,770. Kwahiyo mama alikuwa yuko sahihi kuliko alivyodhani, Ukerewe ni kituo cha kwanza tu cha hiyo safari.

"Sasa mnaliabudu hilo jengo?" Hili swali nimeulizwa mara nyingi na wala silichukii. Hapana. Kaaba ni alama ya mwelekeo, anayeabudiwa ni Mwenyezi Mungu, na Qur'an yenyewe inasema mashariki na magharibi ni vya Mwenyezi Mungu. Ushahidi mzuri ni kwamba kibla kiliwahi kubadilishwa. Mtume Muhammad (s.a.w) alipohamia Madina, yeye na Waislamu waliswali kuelekea Baitul Maqdis, Jerusalem, kwa miezi 16 au 17, halafu mwaka wa 2 wa Hijra, kwenye 624 kwa hesabu ya Miladi, ikashuka aya ya kumwambia ageuzie uso wake kwenye Msikiti Mtukufu wa Makka. Kuna watu walikuwa Qubaa, pembeni ya Madina, wanaswali alfajiri, akaja mtu akawapa habari kwamba kibla kimegeuzwa, wakageuka hapohapo swala ikiendelea. Na ukiwa Madina Jerusalem ipo kaskazini, Makka kusini, kwahiyo waligeuka nyuma mzima mzima! Hebu fikiria imamu aliyekuwa mbele kabisa kajikuta yuko nyuma ya watu. Hapo hakuna aliyekuwa anaabudu ukuta.

Jingine, ukifika Makka kwenyewe hakuna kaskazini tena. Watu wanaizunguka Kaaba safu zikiwa duara, huyu anamtazama yule ng'ambo, na mtu akijaaliwa kuingia ndani ya Kaaba anaswali kuelekea ukuta wowote.

Na swala yenyewe hasa ni nini? Kiswahili chetu hapa kina raha yake, maana Mkristo anasali na Muislamu anaswali, herufi moja tu lakini mtaani kila mtu anajua unamzungumzia nani. Halafu sisi tunatenganisha swala na dua. Dua ni kumuomba Mungu, unaweza kuomba ukiwa kwenye bodaboda, umelala, unapara samaki, kwa lugha yoyote. Swala ina umbo lake: unakuwa na udhu, unanuia, unaelekea kibla, unanyanyua mikono unasema Allahu Akbar, na kuanzia hapo umeshafunga swala, huongei na mtu, huli, hupokei simu mpaka utoe salamu. Kila rakaa, yaani kila mzunguko wa swala, unasoma Alhamdu (sura ya kwanza ya Qur'an), unarukuu yaani unainama, unasimama wima, unasujudu mara 2. Alfajiri rakaa 2, adhuhuri 4, alasiri 4, magharibi 3, isha 4, jumla 17. Maana yake mtu anayeswali faradhi zake tano tu kwa siku paji lake la uso limegusa chini mara 34. Paji la uso, sehemu ambayo mtu anaringia, unaliweka kwenye mchanga wa mwaloni uliojaa magamba ya samaki. Kwangu mimi maana ya swala ipo hapo zaidi ya kwenye maneno mengi.

Turudi kwenye mwelekeo maana ndo kuna utamu. Kile kimsikiti chetu kilijengwa kwa kukadiria, mzee mmoja alisimama akanyoosha mkono akasema kibla hiki, mafundi wakapiga nguzo. Baadae vijana wakaja na simu, programu ya kibla, huyu simu yake inaonesha huku, yule inaonesha kule, wanabishana mpaka chai inapoa. Tatizo ni kwamba dira ya simu inachanganywa na chuma, na pale umezungukwa na mabati, nguzo za chuma, na mwenzako kaweka injini ya boti mlangoni.

Basi kuna njia ya bure kabisa, haitaki simu, na hii ndo nilitaka kila mtu wa kanda ya ziwa aijue. Makka ipo kwenye eneo ambalo jua linapita utosini mara 2 kwa mwaka. Tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana na tarehe 16 Julai saa 6:27 mchana jua linakuwa limesimama juu kabisa ya Kaaba (mwaka mrefu, ule wa siku 366, inakuwa 27 Mei na 15 Julai). Wakati huo popote ulipo duniani, ilimradi unaliona jua, ukilielekea jua umeielekea Kaaba. Na bahati yetu saa ya Saudia na ya Tanzania ni moja, huna haja ya kujumlisha wala kutoa.

Tukafanya. Tarehe 28 Mei tulichomeka fimbo ya kama mita 1 kwenye mchanga nje ya mlango, tukaning'iniza uzi wenye jiwe pembeni yake kuhakikisha imesimama wima, maana fimbo ikiinama kivuli kinakudanganya. Imamu kashika simu yenye saa ya mtandao, mimi nimeshika chokaa kwenye kopo. Watoto wamejaa. Yule mama naye kaja na kitenge chake kichwani kutazama maajabu. Saa 6:18 imamu akasema "haya!" nikamwaga chokaa juu ya kivuli, kivuli chenyewe kifupi tu, hakifiki hata nusu mita kwasababu jua la saa hizo lipo juu sana. Ukisimama kwenye ncha ya kivuli ukaangalia fimbo, huko ndo kibla. Tukaurefusha ule mstari kwa kamba ya nyavu mpaka ndani ya msikiti. Nguzo za mzee zilikuwa zimepinda kushoto, si sana, kama upana wa kiganja ukinyoosha mkono.

Je swala zetu za miaka yote hiyo zimepotea? Hapana, na hili liliwatuliza watu. Mtume alisema baina ya mashariki na magharibi kuna kibla, akiwaambia watu wa Madina ambao kibla chao ni kusini, na wanazuoni wengi wamechukulia kwamba aliye mbali anatakiwa apatie upande, sio apige shabaha kama ya bunduki. Mashafi, yaani wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambao ndo wengi huku kwetu, wanabana zaidi, wanataka ujitahidi kuilenga Kaaba yenyewe kwa kadri ya dhana yako, ila hata wao wanasema umefanya juhudi yako. Na ukipiga hesabu kuna sababu ya kutokuwa na presha: kwa umbali wa hapa mpaka Makka ukikosea nyuzi 1 tu umepishana na Kaaba kwa zaidi ya kilomita 45. Nani anaweza kusimama bila kutingishika kiasi hicho?

Ukiwa ndani ya maji mambo yanalegea zaidi. Wanaotoka usiku na taa kwenda kwenye dagaa boti haitulii, dakika hii inaangalia Kome dakika hii inaangalia Musoma. Faradhi unaanza kwa kuelekea kibla, boti ikizunguka unazunguka nayo kama unaweza. Kusimama ukishindwa unakaa, Mtume alimwambia sahaba mmoja mgonjwa swali umesimama, usipoweza umekaa, usipoweza kwa ubavu. Swala za sunna, yaani zile zisizo za lazima, nafasi ni kubwa zaidi, yeye mwenyewe aliswali sunna akiwa juu ya mnyama wake kuelekea popote anapokwenda, faradhi alikuwa anashuka. (Halafu wavuvi wa dagaa nawakubali kwa kitu kimoja, tarehe za Kiislamu wanazijua kuliko wengi wetu. Mwezi ukishapevuka kati ya mwezi taa hazivuti dagaa, wanapumzika, kwahiyo muulize mvuvi leo mwezi ngapi hakosei.)

Jua hilohilo ndo linapanga na nyakati, na hapa watu wanachapia sana hasa Ramadhani. Mwanza jua linazama kama dakika 25 baada ya Dar, kwasababu tupo magharibi na kila nyuzi 1 ya longitudo ni dakika 4. Kwahiyo ukisikia adhana ya magharibi kwenye redio inatoka Dar ukaitafuna tende yako hapa Kirumba, umekula mchana. Adhuhuri nayo inaingia jua likishapinduka kutoka katikati ya mbingu, na Mwanza katikati hiyo sio saa 6 kamili, inachezea kati ya saa 6:32 mwezi wa kumi na moja na saa 7:02 mwezi wa pili, maana saa yetu ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo 45 ambayo hata Tanzania haigusi, inapita Somalia. Saa ya mkononi tunatumia ya Somalia, jua tunalo la kwetu.

Yule mama alikaa mpaka mwisho. Nilipomaliza kumwaga chokaa akauliza, "sasa walioko Ukerewe wenyewe wanaangalia wapi?" Nikamwambia Uganda. Akasema makubwa haya, akaenda kugeuza dagaa wake.

Msikitini tumechora mistari mipya sakafuni, safu zimekaa kimshazari kidogo ukilinganisha na ukuta, wageni wakiingia wanashangaa. Mzee aliyenyoosha mkono ule mwaka bado anasimama kwa nguzo zake, tumemuacha. Tarehe 16 Julai imamu anataka turudie mbele ya huyo mzee, na kama mawingu yatafunga saa 6:27 tutajaribu kesho yake muda uleule, kivuli hakitakuwa kimehama kiasi cha kuonekana.