"Ametulia Tu, Daktari": Dhana Potofu Kuhusu Katatonia

"Hana fujo, daktari, ametulia tu." Nimeichoka kauli hii. Ndugu wanaitoa kama habari njema, na kijana wao kakaa mbele yangu, midomo imepasuka kwa ukavu, nzi katua shavuni na hamfukuzi. Tangu lini hajala? Wanatazamana.

Watu wameshika kwamba mgonjwa wa akili ni anayerusha mawe barabarani, na akinyamaza basi kapata nafuu. Sivyo! Katatonia, yaani mgonjwa kuganda, kunyamaza au kujongea isivyo kawaida kwa sababu ya ugonjwa, ni dharura. Asipokunywa maji, figo zinaumia. Asipojigeuza, anatoka vidonda, na damu inaganda miguuni. Donge likipanda mapafuni, anaweza kufa ghafla.

Dalili mnaziona nyumbani kabisa. Haongei, haitiki. Ukimwinua mkono unabaki hewani palepale ulipouacha. Ukimvuta, anakaza. Ukijikuna naye anajikuna, ukimuuliza "umekula?" anakurudishia "umekula?" Wengine hata hawatulii, wanahangaika huku na huko bila sababu ya kueleweka. Vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, vinataja dalili 12, na tatu zinatosha.

"Anadeka." Nyoosha mkono wako nusu saa, kisha tuongee.

"Hasikii." Wapo waliopona wakatusimulia nani alilia na nani aligombania shamba lao pale pale kitandani. Chungeni midomo.

"Ni skizofrenia hiyo." Yaani ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo? Huenda, huenda siyo. DSM-5 ya mwaka 2013 iliiondoa skizofrenia ya katatonia kama aina ya pekee, na hali hii huwapata pia wenye sonona na baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), tena mara nyingi zaidi. Hata maambukizi ya ubongo huileta, ndiyo maana nachukua vipimo kwanza.

"Mchomeni haloperidoli alale." Dawa hiyo inaweza kumzidishia. Tunaanza na lorazepamu, au diazepamu isipokuwepo, na wapo wanaofunguka kinywa ndani ya saa moja. Ikishindikana kuna tiba ya umeme, ambayo hufanywa mgonjwa akiwa kwenye nusukaputi, si mateso mnayoyawaza.

"Ni jini." Shehe au mchungaji aje, sikatazi. Asome wodini, dripu ikiwa imeshawekwa.

Na uji wa kulazimisha mtu aliyelala chali acheni leo hii. Unaingia mapafuni.