Ua la zambarau bwawani ling'oe, usilipigie picha tu

Ukiona ua la zambarau limechanua kwenye bwawa lako la samaki, lenye doa la njano kwenye petali ya juu, ujue umeingiliwa na gugu maji. Mmea huu asili yake ni Amerika Kusini. Ulionekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo wavuvi wanahangaika nao. Katika bwawa dogo lililowekwa samadi huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi.

Usingoje ua. Chuma jani, ubonyeze kikonyo chake pale kilipovimba kama kitunguu: kitabonyea kama sifongo. Kikate, utaona vijumba vya hewa vinavyoliwezesha gugu kuelea. Salvinia ni gugu lingine linaloelea. Majani yake ni madogo, mawilimawili, yenye vinyweleo. Tone la maji likidondokea juu yake hubaki duara, halilowanishi jani. Hiyo haihitaji mbegu, kipande kilichokatika tu kinatosha kuanzisha zulia jipya.

Mfugaji akinipigia simu alfajiri kwamba perege wamepanda juu wanahema, swali langu la kwanza ni kama bado anayaona maji. Zulia la magugu huzuia mwanga, ule ukijani wa maji unaotoa oksijeni hufa, na kabla ya jua kuchomoza ndipo hewa inapokuwa imepungua kuliko wakati wowote.

Tumia mikono na reki, uvute gugu pamoja na mizizi yake kabla halijatoa mbegu, maana mbegu hukaa hai kwenye tope miaka mingi. Kwa hiyo rudi kila wiki, hata ukidhani umemaliza. Uliyoyatoa yaanike mbali na maji mpaka yakauke, ndipo uyafanye mboji. Tafadhali sana, usiyatupe mtoni wala mferejini. Aliye chini yako atayapokea. Dawa ya kuua magugu nayo iache: yakifa yote kwa pamoja huoza, yakamaliza oksijeni iliyobaki, na samaki watakufa.

Mara nyingi magugu haya huletwa na sisi wenyewe, ndani ya maji ya vifaranga vya samaki. Siku ya kupandikiza, wachuje vifaranga kwa wavu kwenye beseni la maji safi, uchambue kila kijani kilichonasa, na yale maji ya safari uyamwage shambani, mbali na bwawa.