Anayekoroma Halali Vizuri, na Mashine Haimwachishi Vidonge

Nimechoka kuambiwa, hapa kliniki Nakuru, kwamba mzee anayekoroma mpaka mabati yatikisike ndiye anayelala vizuri kuliko wote nyumbani. Mgonjwa anameza dawa tatu za presha, mojawapo ikiwa ya kuongeza mkojo, kipimo bado ni 160 kwa 100, na mkewe ananijibu kwa fahari: "Daktari, huyu akiweka kichwa kwenye mto, amekwenda." Ndipo ninapomuuliza kama mkoromo huo hukatika ghafla, kimya kikaingia, kisha mume akashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Hapo fahari hupungua.

Si kila anayekoroma ni mgonjwa. Kinachotutia hofu ni pumzi kukatika: koo hulegea na kuziba, kifua huendelea kuvuta bila kupata hewa kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka, na mwili humwaga adrenalini ili kumzindua. Mishipa hubana, presha hupanda, koo hufunguka, naye asubuhi hakumbuki lolote. Jambo hilo likitokea mara 30 au zaidi kwa saa, ugonjwa ni mkali. Presha, ambayo kwa kawaida hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, hukataa kushuka, na baada ya muda ile ya mchana nayo hupanda. Unene na pombe ya jioni huchangia. Hayo mmeshayasikia, ingawa wembamba nao huugua.

Linaloniudhi zaidi ni kosa la upande wa pili. Mtu akishaelewa haya, hununua kwa fedha nyingi mashine ya kusukuma hewa puani ili koo lisizibe, kisha huacha vidonge. Ndugu yangu, kwa wastani mashine hiyo hushusha presha kwa milimita 2 au 3 tu za zebaki. Wale ambao presha yao imezishinda dawa, na wanaoivaa usiku kucha, wanaweza kupata zaidi kidogo. Ukitoa 3 kwenye 160, bado u mgonjwa.

Tena, kuna jambo linalonisumbua mimi mwenyewe. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wa watu zaidi ya 2,700 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, ulionyesha kwamba mashine ilipunguza mkoromo na usingizi wa mchana, lakini haikupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Watetezi wa mashine husema washiriki waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Maelezo hayo yananivutia bila kunitosheleza, kwa sababu wagonjwa wangu nao huivua usiku wa manane. Vilevile unene peke yake hupandisha presha, hivyo kutenganisha kosa lake na kosa la koo si kazi rahisi kama vitabu vinavyodai.

Hata hivyo, dereva wa lori anayesinzia kwenye usukani akielekea Salgaa nampeleka kupimwa usingizi bila kubishana naye. Akipewa mashine, anaendelea na vidonge vyote mpaka kipimo cha presha cha saa 24 kinipe sababu ya kumpunguzia kimoja.