Riwaya ya kijasusi ni ipi?

Wengi hutia kapu moja kila riwaya yenye maiti na bastola. Kumbe riwaya ya upelelezi na ya kijasusi hazisomwi kwa hamu ileile.

Kwenye upelelezi, uovu umeshatendeka. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, kiko mdomoni, anaanzia kwenye jambo lililokwisha kupita: anauliza nani alikuwa wapi, anapima maneno ya huyu na yule, mpaka mhalifu ajulikane. Hana haraka, na msomaji naye hana. Riwaya ya kijasusi hutazama mbele. Balaa bado halijatua, saa zinayoyoma, na mara nyingi adui tunamfahamu mapema. Kinachotunyima usingizi ni kama shujaa atawahi. Tena huyu katumwa na serikali, hivyo akishindwa haumii peke yake.

Kwa Kiswahili, jina la kwanza linalotajwa hapa ni Elvis Musiba, Mtanzania aliyekuwa pia mfanyabiashara na aliyewahi kuongoza chemba ya biashara, TCCIA. Mwaka 1974 ilitoka Kufa na Kupona, na jasusi wake Willy Gamba akaingia vichwani mwa wasomaji: Chifu, mkuu wake wa kazi, anamwita, nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa, na safari ya Nairobi inaanza.

Wapo wanaombeza Gamba kuwa ni James Bond wa kuigiza. Suti, warembo, ngumi zisizokosea, hayo sibishi. Ila adui zake hawakuokotwa kwenye sinema. Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na Frelimo, waliopigana na Wareno kuikomboa Msumbiji, walikuwa na ofisi mjini humohumo. Tarehe 3 Februari 1969, kiongozi wao Eduardo Mondlane alifungua kifurushi kilicholetwa kwa posta. Ndani mlikuwa na kitabu, na kitabu kilitegwa bomu. Akafa papo hapo, Oysterbay. Msomaji wa Dar aliyeyasikia hayo redioni hakuhitaji kubembelezwa aamini kwamba mji wake una majasusi wa Wareno na wa makaburu wa Afrika Kusini.

Joram Kiango wa riwaya za Ben Mtobwa ndiye anayeleta ubishi. Ni mpelelezi wa kujitegemea, si mtumishi wa serikali, lakini baadhi ya visa vyake vinampambanisha na makaburu hao hao. Visa hivyo mimi huviita vya kijasusi, hata kama hana Chifu wa kumtuma.